Namba Ndani ya Gunia la Maharage

Tulimzika Papa Donatien wiki tatu zilizopita, na kwenye kilio chake nilikasirika. Sikukasirikia kifo, mzee alikuwa na miaka yake, na mguu ulimtesa muda mrefu. Nilikasirikia hotuba. Mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa reli. Mwingine, wa kwaya ya parokia, akasema marehemu alikuwa sauti ya besi na sasa kwaya imebaki kama chungu bila mafiga. Wa tatu alisoma majina ya wajukuu kwenye karatasi, akakosea mawili. Mengine yote yalikuwa kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mzee yule aliingia katika chumba cha nyuma cha duka moja la Bel-Air, hapa Lubumbashi, akatufundisha kutia ndani ya kompyuta kuukuu kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na kwamba kwa ajili ya kidude kile kuna watu leo wana kazi na wana majina. Nilitaka kusimama niseme. Wamama wa kilio wakaniangalia kwa lile jicho la kumwambia mwanamke asiye na mume kwamba kiti chake kiko nyuma. Nikakaa. Nilikaa na hasira yangu mpaka nyumbani, na sasa naandika, maana kwenye karatasi hakuna wa kuniambia nikae.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazina faida hapa. Habari za baba wa mtoto ni fupi: alikwenda Kolwezi kutafuta kazi, na naamini aliipata, kwa sababu mtu aliyekosa kazi hupiga simu kuomba. Mwaka ninaousema ni ule mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, na mtoto wa miezi sita, Plamedi. Nilikuwa pia na hasira ya kutosha kuchemshia maji ya mtaa mzima. Nilikasirikia umeme ukikatika na nilikasirikia umeme ukirudi, kwa sababu ulirudi wakati nimekwisha kuwasha makaa. Watu walidhani nina kiburi. Nilikuwa nimechoka, basi, na kichwani mwangu uchovu na hasira vilikuwa vikilala kitanda kimoja.

Mama Kavira ndiye aliyenipa kazi. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, kule Kivu, mjane, mwili mkubwa, sauti ndogo. Chumba cha mbele cha duka lake kilikuwa cha maharage, mafuta na unga, magunia yamepangwa mpaka karibu na dari. Chumba cha nyuma aliita biro, yaani ofisi. Kuta zilipakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, juu yake chokaa. Kulikuwa na meza moja, viti vinne vya plastiki, mashine ya kuchapa na kupiga kopi, na ile kompyuta, mnara mweusi uliogeuka kahawia kwa vumbi letu la hapa, zee kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Nilichapia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, matangazo ya vifo. Plamedi alilala chini ya meza ndani ya katoni ya mafuta. Dirisha lilitazama uani, na kuanzia saa nne harufu ya mboga ya lengalenga ikichemka kwenye mbabula, jiko la makaa, iliingia mpaka ndani ya karatasi. Naapa kuna barua za kuomba kazi za mwaka ule zilizonukia mboga.

Goma ilipoanguka, biro ilibadilika ndani ya wiki mbili tu. Watu wa Kivu walianza kufika kwa Mama Kavira kwa sababu alikuwa wa kwao na alisali nao. Waliokuwa na uwezo walikuja kwa ndege. Wengine walizunguka: Uganda, Tanzania, Zambia, wakaingia kwetu kwa mlango wa Kasumbalesa, wamekaa juu ya mizigo ya malori, midomo imepasuka. Niliwasikia kupitia ukuta wakiongea na Mama Kavira, nusu Kinande, nusu Kiswahili. Hawakuongea sana juu ya risasi. Waliongea juu ya makabati. "Nyumba yote ilibebwa, mama, hata mulango. Mi nililia kabati tu. Mu kabati mulikuwa karatasi." Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, diploma, hati ya kiwanja. Wengine walikuwa na picha za karatasi kwenye simu, na simu zinaibwa. Wachache walizivaa kifuani ndani ya plastiki. Mama Kavira akaniita akasema, "Piga kopi za yote, tia mu mashini, kila famii dosye yake." Nikafanya, kila familia faili lake. Kwa miezi miwili nilijaza familia sitini na kitu, na karibu na kila jina niliandika mtu yuko wapi na anamtafuta nani. Kwao mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, basi nilikuwa na akina Kambale kumi na moja na akina Masika saba, na ilibidi niandike pembeni: Masika wa meno mazuri, Masika wa mapacha, Masika muuguzi.

Masika muuguzi alikuja na mvua za Machi. Alikuwa na umri wangu, watoto wawili, na alikuwa mpole kiasi cha kuniudhi. Alipanga chumba kule Annexe, pembezoni mwa mji, nyumba ya matofali mabichi. Nilipiga kopi ya diploma yake ya uuguzi siku ya Jumanne. Siku chache baadaye ukuta wa chumba chake ukalala na mvua, na diploma yenyewe ikawa uji. Alikuja kuniambia huku anacheka kidogo, kama mtu aliyevunja glasi ya jirani. "Lakini ile ya mu mashini iko?" Nikamwonyesha. Akaangalia kioo muda mrefu, akagusa pembe ya jina lake kwa kidole. Tangu siku ile alipita mara nyingi, akanisaidia kumwogesha Plamedi, na kila mara kabla ya kuondoka aliuliza, "Iko?" nami nikajibu, "Iko."

Halafu akaja bwana mmoja. Viatu vyake havikuwa na vumbi, na Lubumbashi mtu asiye na vumbi kwenye viatu ametoka kwenye gari sasa hivi. Alimsalimu Mama Kavira vizuri sana.

"Mama, nasikia muko na liste ya bale bantu ba Goma. Nipe kopi, nataka kubasaidia."

"Kubasaidia na nini, papa?"

"Na kila kintu."

"Basi anza na maharage," Mama Kavira akasema na kile kisauti chake. "Nunua gunia tatu, miye nitabapelekea mwenyewe."

Bwana akacheka, akaangalia mlango wa biro, akaondoka bila maharage. Mama Kavira alibaki amesimama, mkono juu ya gunia. Wiki ileile, wezi waliingia kwenye famasi ya jirani wakabeba kompyuta. Pengine mambo hayo mawili hayakuhusiana. Lakini watu wale walikuwa na ndugu waliobaki kule, na jina la mtu aliyekimbia, likisomwa na jicho baya, lilikuwa mlango wa nyumba ya ndugu aliyebaki. Ndiyo maana Mama Kavira akatuma mtu kumwita Papa Donatien.

Alifika na bereti yake na kipochi cha miwani ambamo hamkuwa na miwani ila bisibisi nne. Alikuwa Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga. Baba yake alikuwa mtu wa reli, naye mwenyewe alifanya kazi ya kupitisha treni mpaka alipostaafu. Kompyuta alijifunza kwenye ofisi ya parokia, uzeeni, kwa kuziharibu na kuzitengeneza. Saa nne kamili alikula mkate na avokado yenye chumvi, na wakati wa kula hakujibu swali la mtu yeyote, hata la padri. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza, akapiga chafya.

"Mot de passe yenu iko wapi?"

"Neno la siri? Iko," nikasema. "Hakuna anayeijua ila miye."

"Ile iko mulango ya mbele. Mwizi hapitie pale, mama. Anatoa hii disque inayochunga karatasi zenu, anaitia mu mashini yake, anasoma bintu byote sawa gazeti." Akasubiri nikasirike, nikakasirika, akaendelea. "Ku reli, katikati ya gare mbili, stesheni na stesheni, kulikuwaka njia moja. Dereva alikuwa anapewa bâton, kafimbo ka ruhusa. Bâton iko moja tu. Kama hana bâton mu mukono, treni haitoke, hata mukubwa wa reli akilia. Sasa kuko kadude kanaitwa module. Tutakaweka hapa." Akanionyesha safu ya sindano ndogo kwenye ubao wa ndani, zilizokaa pale tangu kiwandani zikingoja. "Disque tunaifunga. Kila asubuhi mashini itauliza: bâton iko? Ikiwa iko, inafungua. Mwizi akibeba disque peke yake, amebeba jiwe."

Akaniambia pia kwamba hata programu mpya zinazokuja zitakikataa kizee chetu kama hakina kidude hicho. Mimi nilisikia neno jiwe tu. Nilipenda sana wazo la mwizi aliyebeba jiwe.

Module haikupatikana mjini. Papa Donatien aliandika namba ya ubao kwa penseli, na dereva wa lori mmoja, mteja wa Mama Kavira, akaichukua mpaka Lusaka. Mwezi ukapita, kidude kikapita Kasumbalesa ndani ya soksi, kikatufikia. Papa Donatien akakiweka kwenye kiganja, akahesabu matundu: kumi na tisa. Sindano zetu zilikuwa kumi na tatu.

"Kata hiyo inayozidi," nikasema.

"Mama Plame, weye ukinunua kiatu kidogo unakata muguu?"

Nilitaka kumtupia kiti. Alikirudisha ndani ya soksi polepole, akaandika tena kwa herufi kubwa, tukangoja tena. Nimefikiri mara nyingi juu ya kungoja kule. Redio ilikuwa inatuambia kila siku mji gani umeingiwa, watu uani walikuwa wanagombana kuhusu nani aliuza nchi, na mzee huyu alikuwa anahesabu matundu. Wakati ule niliona ni upumbavu wa uzee. Leo mtoto akinililia huku chungu kinaungua, najikuta nahesabu kitu.

Cha pili kilikuwa na matundu kumi na tatu. Siku ya kukitia, Papa Donatien alinipa mimi. Macho yake hayaoni tena, alisema, lakini macho yake yaliona vizuri sana avokado mbivu sokoni. Aliniamuru kwanza nivue sweta ya nailoni, maana kiangazi kilikuwa kinaanza na nguo ile ilikuwa inatoa cheche. "Gusa chuma ya kasha. Tena. Sasa shika pembeni, si katikati. Usisukume na hasira." Nikasukuma bila hasira. Kikaingia na mlio mdogo, kama mtu anavunja punje ya hindi mdomoni. Kisha tukawasha, akanielekeza kwenye ule ukurasa wa bluu wa kabla ya programu, tukakiamsha, tukaanza kuifunga disque. Ilichukua siku nzima, na groupe, jenereta ya duka, ikinguruma uani kwa sababu umeme wenyewe hatukuuamini. Tulikula pale pale, bukari, ugali wetu, na samaki wa tomsoni na lengalenga, tumezunguka kioo kinachohesabu asilimia kama watu wanaongoja uzazi.

Mwisho mashine ilitoa namba. Mistari minane, kila mstari tarakimu sita. Papa Donatien akageuza kiti chake, akaangalia ukuta.

"Andika na mukono. Hii njo ya siku bâton inapotea. Miye sitaki kuijua. Bantu bakinipiga, nitasema." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuomba chumvi. "Andika mara mbili. Moja ikae mbali na hapa."

"Kintu kiko kibili kiko kya soko," Mama Kavira akasema, maana yake siri yenye nakala mbili si siri tena. Akachukua karatasi moja, akaondoka nayo chumba cha mbele. Ya pili haikuandikwa kamwe. Papa Donatien alitikisa kichwa, lakini duka halikuwa lake.

Agosti ilikuja na vumbi lake. Huku kwetu, kiangazi kikishika, kila mwenye kompyuta anaipeleka kwa kwado, fundi wa matairi, apulize vumbi kwa kompresa yake. Ni desturi, nimeona hata ofisi kubwa wamepanga foleni kwa kwado na minara yao kama wagonjwa. Papa Donatien alikuwa ameniambia wazi: wakati wa kusafisha, niite. Sikumwita. Asubuhi ile ya Jumamosi dada ya baba wa Plamedi alipita dukani, akanunua unga, akaniambia bila kuulizwa kwamba kaka yake anajenga Kolwezi, vyumba vitatu, na kwamba mke ni binti mzuri, mtulivu. Akachukua chenji akaenda. Nilihitaji kubeba kitu kizito. Nikafunga Plamedi mgongoni, nikatwika kompyuta kichwani, nikatembea mpaka kona kwa Fiston, kwado wetu.

Nilikuwa na akili kidogo, angalau nilidhani. Nikasema upepo ule utang'oa kidude, heri nikitoe kwanza. Nikakitoa. Nikatandika kitenge kivulini, nikamkalisha Plamedi, na kidude nikakiweka pembeni yake, mahali ambapo ningekiona. Kisha tukapuliza. Wingu jekundu lilitoka ndani ya ile mashine, Fiston akakohoa akacheka, nami kwa mara ya kwanza siku ile nikajisikia vizuri.

"Mama," Fiston akasema, "mutoto wako anakula radio."

Nilimkuta Plamedi na miezi yake kumi na tatu, macho yamefumba nusu kwa utamu, shavu moja limejaa. Nikatia kidole mdomoni mwake. Alining'ata. Kidude kikatoka kimelowa mate mpaka ndani ya matundu, nami nikakaa chini kwenye mafuta ya Fiston nikamkumbatia mtoto kwa nguvu hadi akaanza kulia, kwa sababu niliona, badala ya kidude mkononi mwangu, kidude kooni mwake. Kwa dakika nzima sikuwaza kompyuta. Na nilipoiwaza, nilifanya haraka ya mtu mwenye hofu: nikakipangusa kwa kitenge, nikakirudisha, nikabeba, nikafika biro, nikawasha. Harufu ndogo ya kuungua. Kisha kioo cha bluu kikaniomba namba, mistari minane.

Masika alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alikuja na habari: kliniki moja inamtaka, ina nafasi moja, alete kopi ya diploma Jumatatu kabla ya saa sita, vinginevyo wanachukua mwingine. Alikuwa amevaa nguo ya Jumapili siku ya Jumamosi.

"Iko?" akauliza.

Badala ya kusema iko, nilikwenda chumba cha mbele kumwita Mama Kavira.

Mama Kavira hakupiga kelele. Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sijaona kabla wala baada, akaangalia ukuta wa magunia. "Iko mu maharage," akasema. "Gunia ya uzi mwekundu."

"Juu ya nini mu maharage, Mama Kavira? Sababu gani?"

"Mwizi anaiba mali nyepesi. Nani ataiba kilo mia?"

Gunia la uzi mwekundu lilikuwa chini kabisa, ukutani. Tulishusha magunia ishirini na mawili, sisi watatu, Masika na nguo yake ya Jumapili, Plamedi akipiga makofi. Tulipofika chini tuliona tundu kwenye pembe ya gunia, na maharage machache yamemwagika kwa mstari mzuri. Panya. Mama Kavira akachomeka mkono mpaka begani, akatoa karatasi. Upande wa kulia ulikuwa umeliwa kama biskuti. Mistari mitano ilikuwa mizima. Mitatu ilikuwa imekosa tarakimu ya mwisho. Mama Kavira akakaa juu ya maharage. "Bantu balinipa maisha yabo," akasema, "na miye nikayapatia panya."

Nilikwenda kwa Papa Donatien kwa miguu, kwenye nyumba za zamani za reli, kwa sababu mguu wake haukumruhusu kuja. Njia nzima nilitayarisha maneno ya kujitetea: nani aliweka karatasi moja, nani alificha kwenye maharage, nani aliniudhi asubuhi. Nilimkuta kitandani, mguu juu ya mto, anasikiliza mazoezi ya kwaya kwenye simu. Nikafungua mdomo, maneno yote ya kujitetea yakakimbia. Nikasema, "Papa, ni miye. Niliharibu." Nikamsimulia kidude mdomoni mwa mtoto na karatasi iliyoliwa, nikalia, jambo ambalo sikumfanyia hata mwanamume wa Kolwezi.

Alipunguza sauti ya simu. Kisha: "Mutoto alimeza kintu?"

"Hapana."

"Bon. Uniangalie. Mutoto hakumeza." Alirudia mara mbili, mpaka nilipopumua. "Sasa usinionyeshe karatasi. Niambie tu. Mistari inayokosa, inakosa ngapi?"

"Moja moja. Mistari tatu."

Akaanza kutabasamu, na mimi nikaanza kukasirika, ikawa afadhali.

"Ile namba haiko ya ovyo, Mama Plame. Kila mustari unagawanyika kwa kumi na moja, hakubaki kintu. Balioitengeneza baliifanya hivyo juu ya kusaidia bantu kama siye. Ulisoma kanuni ya kumi na moja?"

"Mi nilisoma pédagogie, Papa, ya ualimu."

"Si njo ile unafundishaka batoto?"

Akageukia ukuta tena, mgongo wake mwembamba ndani ya singleti, ili nifanye hesabu bila yeye kuona. Nilichukua boksi tupu la dawa zake. Kanuni nilikuwa naikumbuka kutoka sekondari, kwa sababu mwalimu alinipiga nayo: jumlisha ya kwanza, ya tatu na ya tano, jumlisha ya pili, ya nne na ya sita, tofauti iwe sifuri au kumi na moja. Mstari mmoja ulisomeka nne, moja, saba, tatu, tisa, kisha meno ya panya. Nne na saba na tisa, ishirini. Moja na tatu, nne. Ishirini kutoa nne, kumi na sita. Ili ibaki kumi na moja, inakosa tano. Hakuna nyingine inayokubali, nilijaribu zote kumi kwa kutoamini. Nikafanya wa pili. Wa tatu niliufanya mara nne. Kwenye simu kwaya ilikuwa inarudia kipande kilekile, ikikosea mahali palepale, na Papa Donatien, uso ukutani, akaimba besi kidogo kidogo, kana kwamba hakuna neno.

Nilirudi mbio. Masika alimshika Plamedi, Mama Kavira alishika ukingo wa meza. Nikapiga mistari minane. Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi kwa muda ambao hadi leo sijasamehe. Kisha kikafunguka, na picha ya magunia ambayo Mama Kavira aliipenda ikajaa kioo. Nikaandika Masika. Wakatoka saba. Nikachagua, mashine ya kuchapa ikakohoa, karatasi ikaja polepole, kichwa kwanza. Masika aliisoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, jina lake, mahali alipozaliwa, hata namba za mhuri, kama mtu anayeitikia mahudhurio. Halafu akauliza kama anaweza kupata mbili. Nikampa kumi.

Jumatatu alipata kazi. Mimi nilingoja kufukuzwa. Jioni Mama Kavira alinipa kilo mbili za maharage, kutoka gunia lile la uzi mwekundu, na ile karatasi yenye meno. "Jaza pale panakosa. Chunga weye. Miye niko na panya."

"Mama Kavira, miye njo niliharibu."

"Njo sababu. Hautarudia."

Module nyingine ilichelewa wiki tano. Wiki tano zile, kila asubuhi, nilipiga namba zote, tarakimu arobaini na nane, Plamedi amekaa mapajani. Ili nisikosee nilizisema kwa sauti, na ili zisichoshe nilizitia kwenye tuni, mstari kwa mstari. Kufikia module ilipofika sikuhitaji karatasi tena. Niliichoma kwenye mbabula, Mama Kavira akiangalia. Nyumbani nilimlaza mtoto kwa wimbo ule kwa sababu ulikuwa umenikaa mdomoni, na yeye akalala nao vizuri kuliko nyimbo za Mungu.

Miaka miwili baadaye, duka limejaa, madereva watatu, mama mmoja wa parokia, na Papa Donatien kwenye kiti chake cha plastiki na mkate wake, Plamedi akapanda juu ya gunia, akafungua mikono kama watoto wa kwaya, akaimba. Mistari minne ya kwanza, bila kukosea hata tarakimu moja. Madereva wakampigia makofi. Mimi niligeuka chumvi. Papa Donatien, ambaye kwa miaka yote hiyo aligeukia ukuta ili asiijue, ambaye hajawahi kuongea wakati wa kula, aliacha mkate, akacheka mpaka bereti ikaanguka, akacheka mpaka machozi yakamfikia kidevuni.

"Mama Plame," akasema alipopata pumzi, "leo tunabadilisha."

Tukabadilisha siku ileile, yeye akiangalia ukuta na mabega yake bado yanatikisika. Namba mpya siimbi, na mahali ilipo sitawaambia. Ile ya zamani haifungui kitu tena. Plamedi anaiimba akicheza, akioga, aliimba hata uani kwenye kilio, katikati ya wamama wale, wakaniambia nimnyamazishe. Sikumnyamazisha.